Semina ya Kutabasamu

Tangazo lilisema tuje na vyeti. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nililisoma mara tatu, nimesimama juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, mahali pekee ambapo simu yangu ilikuwa inashika intaneti. Vijana wanaotafuta ajira wilayani Kilwa wafike ukumbini Kilwa Masoko, wavae nadhifu, wabebe vyeti na wasifu. Fursa zipo.

Nilikuwa na stashahada ya maabara na miaka mitatu ya kukaa nyumbani Kipatimu. Nilishafanya usaili mara nne. Mara zote nne niliambiwa nitapigiwa simu, na mara zote nne mama yangu akawa kila simu ikilia anasimamisha mchi hewani, anasubiri aone uso wangu. Nikisema, "Ni rafiki tu," anaendelea kutwanga.

Siku ile aliamka alfajiri, akanipigia pasi gauni langu la buluu kwa pasi ya mkaa. Sikulivaa. Nililifunga ndani ya kanga, nikalitia kwenye begi pamoja na bahasha ya vyeti, nikapanda bodaboda kuteremka milima hadi Njia Nne, na kutoka pale nikapata gari la kwenda Masoko. Nilibadili nguo chooni stendi. Vumbi la barabara yetu haliogopi pasi ya mama wala ya mtu yeyote.

Ukumbini tulikuwa kama sitini. Mbele kulikuwa na bango kubwa, mpiga picha, na kijana mtanashati mwenye kipaza sauti aliyejitambulisha kuwa ndiye mwezeshaji. Nilitafuta kwa macho meza ya waajiri. Haikuwepo.

"Semeni: mimi ni mshindi!"

Tukasema.

"Sijawasikia! Mimi ni mshindi!"

Tukapaza sauti. Akatuambia tupigiane makofi ya kilo. Akatuambia msongo wa mawazo unaletwa na sisi wenyewe, kwamba mtu akiamka asubuhi ajitazame kwenye kioo, atabasamu, aiambie nafsi yake kwamba kazi inakuja. Mimi kioo chetu nyumbani ni kipande kilichobanwa dirishani. Nilijiuliza kama kazi inaweza kupita hapo.

Kisha tukagawiwa karatasi. Kila mmoja aandike jambo linalomsumbua, halafu aichane karatasi, aitupe kwenye ndoo, na jambo litakuwa limekwisha. Niliandika: Nimefanya usaili mara nne na hakuna aliyewahi kuniambia nilikosea wapi. Watu wakaanza kuchana, ukumbi mzima ukasikika kama mvua kwenye makuti. Mimi niliikunja yangu, nikaishika.

"Dada wa gauni la buluu," mwezeshaji akaita, "mbona hujachana?"

"Kwa sababu nilichoandika ni kweli."

"Ndiyo maana tunaachana nacho! Chana, halafu tupe tabasamu."

Nikasimama. Sikupanga kusimama. "Kutabasamu niko tayari," nikasema. "Nioneshe tu nimtabasamie nani. Tangazo lilisema tuje na vyeti. Nimetoka Kipatimu. Mwajiri yuko wapi?"

Akacheka, akaugeukia ukumbi. "Mnaona? Huu ndio mtazamo hasi. Mwajiri gani atamchukua mtu wa namna hii?"

Na ukumbi ukacheka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko maneno yake: watu sitini wasio na kazi wakimcheka mwenzao asiye na kazi. Mwanamke aliyekaa kando yangu, mtu mzima, wa umri wa kukaribia hamsini, akanishika kiwiko.

"Keti, mwanangu. Usilie mbele yao."

Sikulia. Nilikaa mpaka mwisho, tukasaini mahudhurio, tukapewa soda, tukapanga mistari kupigwa picha. Tulipotoka nikamsalimia vizuri yule mama. "Shikamoo."

"Marahaba. Twende tukanywe chai. Mimi naona soda yao imenikaa kooni."

Alikuwa mwenyeji wa Kinjumbi; neno vijana kwenye tangazo hakulijali. Alikuwa amepika kwenye hoteli moja ya pwani kwa miaka kumi na sita, mpaka hoteli ikafungwa, nao wakaambiwa wasubiri wataitwa. "Eti nitabasamu," akasema, akipuliza chai. "Miaka yote ile nikitabasamu jikoni, moshi ulikuwa unaniingia mdomoni. Samaki waliiva kwa sababu najua kupika."

Nikamuuliza alileta wasifu gani. Hakuwa nao. Alileta kitambulisho tu, maana hakuna aliyewahi kumwandikia hata barua ya kusema alifanya kazi pale. Nikatoa kalamu. Mezani pale, kati ya vikombe na nzi, nikamwandikia: miaka, vyakula, idadi ya wageni aliowalisha kwa siku, wapishi aliowafundisha. Karatasi ilipojaa aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Tukapeana namba, na tukaafikiana jambo moja: hakuna kati yetu atakayepanda gari tena kwa ajili ya tangazo kabla ya kupiga simu na kuuliza. Yeye alijitolea kuwa mpiga simu, kwa kuwa mimi nilikuwa na haya. Baadaye nilimsikia akifanya kazi hiyo. "Hapo nafasi ipo," aliuliza, "au mnatafuta watu wa kupiga nao picha?" Wengi walikata simu. Safari ngapi tuliziepuka, Mungu ndiye anajua.

Nyumbani nilimkuta baba mdogo ananisubiri. Alikuwa amepata habari za mganga mmoja anayeosha watu nuksi. Alisema haiwezekani mtu msomi akae miaka mitatu bure, lazima nina mkosi. Mwezeshaji alisema kosa ni uso wangu, baba mdogo anasema ni nyota yangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kituo chetu cha afya kinapeleka vipimo mbali wakati mimi nimekaa hapa napalilia ufuta.

Mama akaweka ungo chini. "Shemeji," akasema, "mtoto wangu hana mkosi. Wa kuoshwa ni hao wenye ofisi."

Baba mdogo akaaga mapema siku ile.

Usiniulize kama nilipona msongo. Nililala vizuri zaidi, basi. Niliamua Jumatatu na Alhamisi ndizo za kupanda kilimani na simu kutafuta kazi, siku nyingine nilikuwa mkulima, na aliyeniuliza "vipi, kazi?" shambani nilimkabidhi jembe. Hasira sikuitupa kwenye ndoo yoyote. Niliiacha ikae pale ilipostahili, na kwa mara ya kwanza ilikuwa hainielekei mimi.

Yule mpishi ndiye aliyetangulia kupata. Mafundi wa barabara walikuwa wamepiga kambi Somanga, akaenda na karatasi yake, wakamchukua. Haikupita miezi miwili akanipigia: zahanati moja ndogo hapo inatafuta mtu wa maabara. "Nimeshauliza. Nafasi ipo kweli. Nimeiona hadi hadubini."

Daktari wa zahanati hakuniuliza najiona wapi miaka mitano ijayo. Alinipa kioo cha hadubini chenye tone la damu, akaniambia nimsomee. Nilimsomea malaria, nikamwonesha na kosa la rangi ya kupimia iliyozidi. Nikaanza wiki iliyofuata, kwa mkataba wa miezi sita ambao umeongezwa mara moja, na ambao unaweza usiongezwe tena.

Juzi alikuja binti mwenye cheti cha uuguzi. Mhudumu wa mapokezi alikuwa ameanza kumwambia aache namba, atapigiwa. Nikatoka maabara nikamwambia ukweli: nafasi hakuna, wala hatuitarajii mwaka huu, na si kwa sababu ya vyeti vyake. Nikamtajia mahali pawili nilipojua panahitaji watu. Alinitazama kwa chuki, akachukua bahasha yake, akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu. Jua lilikuwa kali, na alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vinampwaya.