Mashati ya Shemeji

Mpaka leo nakumbuka. Dada yangu, anayeusoma upepo kuliko yeyote bandarini, aliiruhusu winchi ifanye kazi katika upepo mkali, na aliyekuwa juu ya winchi hiyo alikuwa mumewe.

Kazi ya dada ni kukaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ghala na kuukadiria upepo kwa macho, maana kipimo cha mashine kiliharibika zamani na wakubwa wameishia kuahidi. Bahari ikiwa na vikunyanzi tu, kazi inaendelea. Vilele vya mawimbi vikianza kuvunjika vyeupe, anakaa macho. Povu likitapakaa kila mahali, anapandisha bendera nyekundu na winchi zote zinasimama. Alijaribu kunifundisha, akakata tamaa, akasema macho yangu ni ya mapambo.

Siku ile meli kubwa ilifunga gati mbele ya kibanda chake. Ikaziba bahari yote, ikakikinga na upepo kibanda chenyewe. Miti ya kuupimia upepo bandarini hakuna. Basi dada akageukia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kamba ya nguo juu ya paa letu, ng'ambo ya ukuta wa bandari. Mashati ya shemeji yakining'inia, upepo ni mdogo; yakipigapiga bila kupumzika, ni bendera. Asubuhi ile yalikuwa yametulia tuli.

Shemeji aliuhisi upepo kule juu, akauliza kwenye redio, "Mama watoto, una uhakika?"

"Nina uhakika. Endelea."

Mimi nauza chai getini. Niliona kontena likiyumba angani, likarudi na kukibamiza chumba cha dereva, alimokuwa shemeji. Vioo vikamwagika. Kikombe kilinitoka mkononi na sikusikia kikivunjika. Dada alishuka ngazi pekupeku.

Walimteremsha shemeji akiwa hai, vipande vya vioo kwenye nywele. Dada alimshika uso kwa mikono miwili.

"Niliangalia mashati yako, baba. Yalikuwa yametulia."

"Mashati gani?"

"Ya kwenye kamba."

"Nimeyabana mimi asubuhi," shemeji alisema. "Juu kwenye kamba ile, chini kwenye nyingine niliyoifunga mwenyewe. Juzi moja lilipeperuka, ukahangaika kulitafuta. Nikasema nikupunguzie kazi."

Mwanamume ambaye tangu aoe hajawahi kuanika hata leso, aliichagua siku ile. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa yote mawili.

Tulipofika nyumbani dada alipanda paani, akafungua vibanio vya chini kimoja kimoja. Mashati yote yakainuka kwa mkupuo mmoja, yakaanza kupiga, na dada akakaa chini akalia.