Mifuko ya Fundi Sindano

Fundi Sindano, mshonaji wa suti na sare za shule, alikuwa na maradhi yasiyotibika kwa daktari yeyote: mikono yake haikustahimili kuona jambo likifanywa ovyo. Kwa miaka minne alijitolea kuongoza kikosi cha skauti kila Jumamosi, na kwa miaka hiyo minne watoto wale hawakujua kufunga hata fundo moja. Kila mtoto aliposhika kamba, mzee alikuwa amekwisha kuidaka, akaifunga, akaikaza na kuinyoosha kwa kiganja kana kwamba aipiga pasi.

Mwaka uliopita alinaswa. Mkaguzi, mama mmoja wa maneno machache, alikuja kuwapima kabla ya kuwapa ruhusa ya kwenda kambini. Sharti lilikuwa kwamba hema lisimamishwe na watoto wenyewe, pasipo mkono wa mtu mzima. Fundi akagusa. Alijitetea kwamba alikuwa akifukuza nzi. Lakini nzi hafukuzwi kwa fundo la kitanzi. Watoto wakarudi makwao na mabegi yaliyokwisha fungwa.

Mwaka huu mkewe alimwarifu, hali akimmiminia chai, kwamba wakiikosa kambi tena, yeye fundi ndiye atakayekwenda kuwaeleza mama zao, nyumba kwa nyumba. Fundi akawaza siku tatu. Ya nne akajishonea suruali yenye mifuko mirefu, na kila mdomo wa mfuko akautia kishikizo cha kubana kifundo cha mkono. Asubuhi ya ukaguzi mkewe akamfunga vishikizo palepale uwanjani, akamwombea kwa Mola subira.

Watoto wakaanza. Nguzo ikasimama, ikainama, ikalala. Mmoja akafunga fundo ambalo fundi hakupata kuliona tangu azaliwe. Jasho likamtiririka puani asiwe na cha kulipangusia, na suruali ikafurukuta mapajani kama iliyofichwa paka wawili.

"Babu," akasema binti wa miaka kumi na miwili aliyewaongoza wenziwe, "ukitukodolea macho hivyo tunakosea. Hebu geukia kule."

Akageuka. Akasikia kamba zikikwaruzana, mnong'ono, kicheko, kisha kimya.

Alipoitwa kutazama, hema lilikuwa limesimama, upande mmoja chini kidogo, mfano wa bega la mtu aliyebeba ndoo. Mkaguzi akalisukuma, halikuanguka. Akalisukuma tena kwa nyonga, halikuanguka. Akatia sahihi ya ruhusa, akamjia fundi na kumnyooshea mkono.

"Salamu yangu umeikataa, fundi?"

"Sijaikataa, mama. Mkono umefungwa."

Mkewe akaja mbio, akafungua mfuko wa kulia. Fundi akapeana mkono na mkaguzi kwa heshima zote, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule upande ulioinama. Na mkono ulipoachiwa, haukurudi ulikotoka, bali ukaanza kunyemelea kamba.

Binti akaudaka njiani, akaurudisha mfukoni, akafunga kishikizo.

"Na kambini, Babu," akasema, "uje na suruali hiihii."