Siku Niliyopima Maziwa Bila Pua

Nilikuwa katika wiki ya kumi ya kazi, na mkataba wangu ulisema miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Nilikuwa nimeajiriwa kupima maziwa katika kituo cha ushirika wa wafugaji upande wa Moiben. Kila alfajiri saa kumi na moja pikapu ya kituo ilinichukua barabarani karibu na nyumbani, West Indies, mjini Eldoret, nilikoishi na mama yangu. Ndani ya pikapu nilimkuta mwenzangu aliyekuwa akiandika daftari, mwanamume mpole aliyependa kusinzia njiani. Tukifika, wafugaji walikuwa tayari wamepanga mikebe yao mlangoni.

Watu wengi hudhani maziwa hupimwa kwa vifaa tu. Vifaa vipo. Kuna laktomita ya kuonyesha kama mtu ameongeza maji, na kuna spiriti ambayo ukiichanganya na maziwa yaliyoanza kuchacha, yanafanya vipunje. Lakini kabla ya hayo yote mpimaji hufungua kifuniko, huinama na kunusa upesi, maana harufu hukaa pale chini ya kifuniko kwa muda mfupi tu kisha inapotea. Pua ndiyo inayojua kwamba ng'ombe amelishwa kabeji zilizooza, au kwamba mkebe ulifungwa ukiwa bado na maji. Siku ya mahojiano meneja wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, alinifungulia mikebe kadhaa mmoja baada ya mwingine akiniuliza nanusa nini. Hakuniuliza chochote kuhusu cheti changu.

Ugonjwa ulianza Jumapili kanisani, kooni. Jumatatu nilifanya kazi nikiwa na baridi ya ajabu, nikarudi nyumbani, nikanywa chai ya tangawizi na kulala na soksi. Jumanne niliamka kabla ya simu kuniamsha. Kichwa kilikuwa kizito na viungo vilikuwa vinauma, lakini hilo halikunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba mama alikuwa jikoni akikaanga vitunguu vya mayai yangu, nilisikia mafuta yakilia kwenye sufuria, na sikusikia harufu yoyote.

Nilienda nikasimama karibu na jiko. Nikachukua nusu ya kitunguu kilichobaki nikakiweka puani. Nikafungua kopo la dawa ya kupaka kifuani, ile ambayo kwa kawaida hutoa machozi, nikavuta pumzi mdomo ukiwa umefungwa. Ilikuwa kama kunusa glasi ya maji. Mama alinitazama. Najua sote wawili tulikumbuka ile miaka ya korona, jinsi jirani yetu alivyoanza hivyo hivyo kwa kupoteza harufu, akatolewa nyumbani na watu waliovaa nguo nyeupe. Mama akaniuliza kama kifua kinabana. Nikasema hapana. Akapumua, akarudi kwenye sufuria.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Niliandika ujumbe kwa meneja: naumwa, sitaweza kuja leo. Nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu zaidi, unaoeleza homa na pua, nikausoma nikaona kama wa mtu anayetafuta visingizio, nikaufuta pia. Mwenzangu wa daftari alikuwa ameniambia kwamba mpimaji aliyenitangulia aliondolewa kwa kukosa kuja kazini siku mbili. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu. Mama alikuwa amestaafu, na miezi minane niliyokaa nyumbani bila kazi haikuwa mbali. Nilifikiria foleni ya wafugaji bila mtu wa kuwapokea. Halafu nilifikiria nikiinamia mkebe na kutosikia kitu.

Nilimwuliza mama angefanya nini.

"Mimi nilienda kazini na malaria," alisema. "Vaa sweta mbili."

Sikumwambia kwamba kwa kazi yake ya zamani ya kuhesabu magunia kwenye stoo ya nafaka, pua haikuhitajika. Nilitaka mtu aniambie niende, na alikuwa ameniambia. Nilivaa sweta mbili na barakoa ili nisiambukize watu. Nilijiahidi kwamba nitapima kila mkebe kwa spiriti, si ile tu niliyoishuku. Nilijiambia hiyo itatosha, na kufikia wakati pikapu ilipopiga honi nilikuwa karibu kuamini.

Foleni ilienda polepole kuliko siku zote. Nilikuwa nikifungua kifuniko, nashusha barakoa, nainama kana kwamba nanusa, kisha nachota maziwa kidogo na kuyachanganya na spiriti kwenye kichupa cha kioo. Kila mara nilipoinama nilijua naigiza. Mama mmoja mzee ambaye maziwa yake hayakuwahi kurudishwa hata siku moja aliniuliza kwa upole kama leo nawashuku wote. Nilimjibu kwamba ni agizo jipya. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulinitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia. Mwenzangu alinitupia jicho kutoka kwenye daftari, akaendelea kuandika.

Nilikataa mikebe miwili iliyofanya vipunje, na hiyo ilinipa moyo. Niliona naimudu kazi. Mwisho wa foleni mkebe wa mwisho ulimiminwa kwenye tangi la baridi, mashine ikaanza kukoroga, nami nikaenda kukaa juani nyuma ya kituo huku natetemeka. Nilimeza dawa za maumivu na kuhesabu saa zilizobaki.

Lori la kubeba maziwa lilifika karibu saa tano. Dereva wake ndiye hupima mara ya mwisho kabla ya kuvuta maziwa. Alipanda, akafungua mfuniko wa tangi, akainamisha kichwa, kisha akakirudisha nyuma haraka. Akainama tena. Akamwita meneja kwa sauti ya chini, na kwa jinsi alivyopunguza sauti nilijua.

"Haya yana mafuta ya taa," alisema.

Meneja alinusa, akafunga macho. Akanigeukia akaniambia nami ninuse. Nilipanda ngazi ya tangi, nikaweka uso wangu juu ya maziwa ya wafugaji wote wa asubuhi ile, yaliyokuwa meupe na yanazunguka taratibu, na sikusikia chochote. Niliposhuka nilitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kumaanisha lolote. Mafuta ya taa hayafanyi vipunje kwenye spiriti, na laktomita haikuonyesha kitu. Ni pua tu ingeyakamata, pale mlangoni, kwenye mkebe mmoja, kabla ya kuchanganywa na mengine.

Lori liliondoka tupu. Maziwa yalimwagwa kwenye shimo nyuma ya kituo, na ilichukua muda mrefu. Habari zikaenda kwa simu kutoka shamba hadi shamba, na baada ya chakula cha mchana wafugaji walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama vikundi vikundi wakizungumza, na nikiwa mlangoni nikaanza kusikia jina la kazi ya mtu likirudiwa: mwenye duka.

Mwenye duka alikuwa mzee mmoja aliyeleta mkebe mmoja kila asubuhi kwa pikipiki. Alifuga ng'ombe wawili nyuma ya duka lake pale sentani, kwenye kisoko cha Moiben, na katika duka hilo aliuza unga, sabuni na mafuta ya taa. Wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi. Yeye alikuwa na shamba Burnt Forest mpaka ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, ambao watu wa huku hawapendi kuuzungumzia, alipofukuzwa, na baada ya hapo akahamia Moiben kuanza upya. Mwenzangu wa daftari ndiye aliyeniambia hayo, siku za mwanzo, kwa sauti ile ile ya usingizi. Sasa mzee huyo alikuwa amesimama peke yake karibu na uzio, kofia mkononi, na watu walikuwa wakimtazama bila kumtazama. Hakukuwa na ushahidi wowote. Kulikuwa na duka lenye mafuta ya taa, na hilo lilikuwa limewatosha.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hilo nalikumbuka kuliko homa. Hakuna aliyejua habari ya pua yangu isipokuwa mama. Kama ningekaa kimya, watu wangesema mpimaji alidanganywa na mtu mjanja, meneja angenikaripia kidogo, na mzee yule angebeba lawama. Nilisimama pale labda dakika tano nikijipa sababu. Huenda kweli ni yeye. Huenda hawatamfanya kitu. Kisha mwanamume mmoja akavuka ua kwenda alikosimama mzee, wengine wawili wakamfuata, wakitembea taratibu tu, na nikaingiwa na hofu ambayo safari hii haikuwa kwa ajili yangu.

Nilienda kwa meneja nikamwambia kwamba nimekuja kazini nikiwa mgonjwa na kwamba tangu asubuhi sisikii harufu. Alinitazama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua kabla sijatoka nyumbani."

Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa nje, akawaomba watu wasikilize, na akaniambia nirudie. Nilirudia. Ikabidi nianze mara mbili. Niliwaambia kwamba mkebe wenye mafuta ya taa ungeweza kuwa wa yeyote kati yao, kwamba mimi ndiye niliyewekwa pale kuukamata, na kwamba sikuweza, na nilijua siwezi. Nilimwambia yule mama mzee, mbele ya wote, kwamba hakukuwa na agizo jipya. Wale wanaume watatu walikuwa wamesimama katikati ya ua. Mmoja alitema mate chini akageuka. Watu walinung'unika sana, na maneno niliyoambiwa sikuyasahau, lakini yalielekezwa kwangu, si kwa mzee yule.

Mwenye duka alikuwa wa mwisho kuondoka. Alipita karibu nami.

"Ungesema asubuhi," alisema, bila hasira, akavaa kofia yake.

Meneja aliniendesha mwenyewe hadi mjini, kwenye zahanati, na njiani akaniuliza kama mama ana simu. Haikuwa korona. Ilikuwa homa ya kawaida na uvimbe kwenye pua. Daktari aliandika siku tano za kupumzika. Meneja aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaniambia kwamba majaribio yangu yanaanza upya, miezi mitatu kutoka siku nitakayorudi. Nilimwuliza, kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, kama ni kweli aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukosa kuja kazini siku mbili. Alishangaa. Alisema yule kijana alipata kazi Nakuru, na kwamba walimwandalia soda siku ya kumuaga.

Mama aliposikia yote alichemsha maji yenye majani ya mkaratusi, akanifunika shuka kichwani, akanishikilia mabega nikivuta mvuke. Hakusema amekosea, nami sikumlaumu. Uamuzi ulikuwa wangu. Harufu ilirudi siku ya tisa, kidogo kidogo, ya kwanza ikiwa ya sabuni ya kufulia.

Mkebe ulikuwa wa nani hatukujua kamwe. Mwenye duka aliacha kuleta maziwa kituoni. Nilisikia aliwauza wale ng'ombe. Niliwahi kwenda dukani kwake nikiwa na maneno niliyoyapanga, lakini kulikuwa na wateja, nikanunua kiberiti na kutoka. Alinipa chenji na kuniuliza kama nimepona. Nikasema nimepona, namshukuru Mungu.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimeshathibitishwa kazini, niliamka siku moja pua imeziba na koo linawasha. Nilimpigia meneja kabla ya saa kumi na moja. Nilimwambia kwa sentensi moja.

"Sawa," alisema. "Nitapima mimi."

Nikalala tena, lakini usingizi haukuja. Nilisikia pikapu ikipita barabarani bila kusimama, nikaanza kuwaza mambo mengi ya kijinga: kwamba meneja atanihesabia kosa hili, kwamba foleni itakwama, kwamba labda ningeweza kwenda tu. Mpaka saa tatu asubuhi nilikuwa bado macho, simu iko kifuani, nikiisubiri iite. Haikuita.