Ngata ya Kukalia

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya upande wa Ushirombo, spoku ya baiskeli haikutupwa. Baba akibadilisha spoku, mama alikuwa ameshainyemelea ile kuukuu. Aliinoa kwenye jiwe ikawa sindano ya kufumia. Nyuzi alizipata kwa kufumua masweta makuukuu ya sufu yaliyogawiwa misheni, na sisi watoto tulizikunja mabonge huku tukitafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa juani, meno yanalia kama ya panya.

Siri ya mama ilikuwa maji moto. Siku moja alichemsha sweta ili kuua chawa, likatoka dogo, nene, limekazana kama blanketi. Mwingine angelia. Mama alilikata kwa mkasi, akaona halifumuki. Tangu hapo akawa anafuma kitu kikubwa na legelege, anakitia kwenye beseni la maji moto na sabuni, kisha mimi Limi na mdogo wangu Masanja tunakikanyaga mpaka kikaze. Zilitoka kofia, mikoba, na vifuniko vya tandiko la baiskeli. Bibi, mama yake baba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Limi, leo tunakula sweta kwa mlenda?"

Kiangazi kimoja bibi akaota jipu kubwa nyuma ya paja, juu kabisa, pale mtu anapokalia. Dawa za majani zikashindwa, homa ikapanda. Mganga wa zahanati akasema likapasuliwe hospitali ya misheni, tena upesi. Miaka ile ilikuwa ya dhiki, mafuta hakuna, basi halikuonekana. Ikabaki baiskeli ya baba. Bibi alipojaribu kukaa kwenye keria alipiga yowe, akashushwa, akarudi kitandani.

"Niacheni nife nimelala," alisema. "Sifi nimekalia vyuma."

Mama akainuka. Alitoa nyuzi zote alizokuwa akijiwekea kwa ajili ya sweta lake mwenyewe, akafuma kutwa nzima. Baba ndiye aliyesonga ugali siku ile, tukaula na mabonge yake na hakuna aliyethubutu kucheka. Asubuhi yake tuliingia kwenye beseni, na baba naye akakunja suruali akaingia. Maji yalitubabua nyayo. Masanja alilia huku akikanyaga. Mama akakifinyanga kile kitu kwa mikono, akakianika kwenye jua letu lisilo na huruma, na jioni kikawa tayari: duara nene lenye tundu katikati, jipu lisiguse chochote.

Bibi aliligeuzageuza mikononi.

"Hii ni ngata," alisema. "Ngata inakaa kichwani, chini ya mtungi. Leo mkwe wangu anataka niikalie?"

Mama akapiga magoti kando ya kitanda. "Mayu, mama yangu, ngata ni ya kubebea mzigo. Leo mzigo ni wewe."

Bibi akaguna, halafu akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue. Akamgeukia baba. "Na mzigo wenyewe mzito. Haya, ng'wanawane, mwanangu, lete hiyo baiskeli."

Waliondoka alfajiri, baba akisukuma kwenye vilima. Bibi alirudi kidonda kikianza kufunga, amekaa wima juu ya ngata yake, anawasalimia watu wa njiani kama malkia. Sweta la mama halikufumwa tena, na sikumsikia akilitaja.

Mimi miguu yangu haikutulia. Nimeishi Tinde, nimepanga Nyasubi, nimefuata wachimbaji Geita nikiwauzia chakula. Nimepanda mabasi yenye viti laini. Lami imefika, na gari la wagonjwa siku hizi ukiliita linakuja. Namshukuru Mungu kwa hilo, sitamani bibi wa mtu yeyote akalie vyuma tena. Ila vijana wetu wakisikia nyumbani kuna mgonjwa, wanatuma kwenye simu kile kipicha cha viganja vilivyokutanishwa, kisha wanaendelea na video zao. Huruma wanayo, sikatai. Ya kwetu ilikuwa ndani ya beseni la maji moto, na ilikubidi uingize miguu yote miwili.