Maji ya Kuoshea Nyama

Hali ya Hatari ilipotufikia Embu, rika langu liligawanyika. Wengine waliingia msituni, wengine wakapelekwa kizuizini, wengine wakapewa bunduki na serikali ya kikoloni na kuitwa homgadi. Mimi nilibaki kwenye banda la nguruwe. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kidato cha pili baada ya baba kukamatwa, na kazi iliyoniangukia ilikuwa kumlisha nguruwe jike mmoja, kupika, na kumngoja mama arudi. Sikatai, niliipenda. Mimi ni mtu wa kukaa karibu na jiko; hata leo safari ya sokoni hunichosha kabla sijavaa viatu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya chini kidogo ya msitu, nyumba zimepangwa mistari mistari kama mahindi. Ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa, adhabu ya lokesheni nzima, yaani eneo lote la chifu wetu. Nguruwe waliachwa. Wazee wetu hawakuwa walaji wa nguruwe, na nadhani aliyekuwa akiandika mifugo aliona haya kuwaandika. Kwa hiyo yule jike, ambaye baba alimpata alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, ndiye alikuwa mali yetu yote. Alikuwa na mimba, na kwa mimba ile mama alitumaini tungevuka mwaka.

Shangazi, dada yake baba, alikaa mstari wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na alichokuwa nacho duniani ni nguruwe wawili wa uzao wa kwanza wa jike wetu. Kwa kuwa mimi nina jina la babu, aliniita baba, kama ilivyo desturi, na desturi hiyo ilimpa ruhusa ya kunidhihaki kwa heshima zote.

"Baba, viazi vimeiva?" aliniuliza kila jioni. "Baba, utaolewa lini? Tunataka kula harusi."

Asubuhi yeye na mama na wanawake wengine wote walipelekwa kuchimba handaki. Lilipita ukingoni mwa msitu, refu hata sikuwahi kuona mwisho wake, na chini kulisimikwa mianzi iliyochongwa ili watu wa msituni wasivuke kuja kutafuta chakula. Wakati wao wako huko, mimi nililisha nguruwe wetu, kisha nikapita na debe lile lile kuwalisha wa shangazi.

Siku moja msaidizi wa daktari wa mifugo alikuja na tangazo. Nguruwe wa kufugwa walikuwa wanakufa mashamba ya mbali, na ugonjwa ulitoka kwa nguruwe mwitu. Niliitwa nilisome mbele ya watu, kwa kuwa nilikuwa na shule. Nilisoma kwa sauti ya darasani. Nguruwe mwitu, nikasema, huubeba ugonjwa huu bila kuugua. Wa kufugwa akiupata, hana dawa. Msiache nguruwe wazurure. Msiwape mabaki ya nyama. Mmoja akiugua, semeni mara moja, msimchinje, msimhamishe.

"Baba amesoma vizuri," shangazi akawaambia waliokuwa karibu. "Kama angeweza kuchimba anavyosoma, handaki lingekwisha."

Nilikwenda kujenga uzio wa pili kuzunguka banda letu, na mwingine kwa shangazi. Nilitumia siku sita. Hapakuwa na nguruwe mwitu ambaye angeweza kupita pale, na nilijiona daktari.

Kisha nguruwe mwitu alitumbukia handakini akafia juu ya mianzi. Wakati huo tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mashambani tuliruhusiwa saa chache tu. Kwetu nyama ya mwitu haikuliwa na watu wenye heshima zao, lakini njaa hutafuta wakili. Wanawake walikubaliana kwamba huyu hakuwindwa, amejileta. Homgadi waliokuwa wakiwasimamia walichukua mapaja, wakaacha kilichobaki. Mama alirudi na kipande kwenye kiondo, amekifunika kwa majani ya viazi vitamu.

Nilikipokea kwa furaha ya mpishi. Nilikiosha mara mbili, nikakikata, nikakipika mpaka kikalainika. Na yale maji ya kuoshea, mekundu, yenye vipande vya ngozi na mafuta, sikuyamwaga. Kwetu maji yaliyoosha nyama hayamwagwi. Hupewa mbwa au nguruwe, na anayeyamwaga huambiwa ametukana njaa. Niliyatia kwenye debe pamoja na maganda ya viazi, nikampelekea jike. Akanywa akamaliza.

Tangazo lilisema nyama. Mimi nilikuwa nimempa maji. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyonifanyia kazi, kichwa cha kidato cha pili.

Haikupita juma moja na nusu, jike akaacha kula. Nilimkuta amelala pembeni, anahema, masikio na tumbo vimejaa mabaka mekundu yanayoelekea weusi. Nilipomgusa alikuwa moto kama sufuria. Nilikaa juu ya uzio wangu wa pili kwa muda.

Mama aliporudi alimtazama mara moja tu.

"Lete kisu," akasema. "Achinjwe kabla hajafa. Shangazi yako apate mbavu, jirani apate kichwa, tuliochimba nao wapate kidogo kidogo."

"Mama, huu ndio ule ugonjwa."

"Unaua watu?"

"Hauui watu."

"Basi lete kisu."

"Mbavu zitaoshwa, mama. Maji yataenda wapi?"

Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mimi. Aliangalia debe, akaniangalia mimi, akajua.

"Wa shangazi yako wanakula kwenye hilo debe?"

"Kila siku."

Alikaa chini. Sikuwahi kumwona mama akikaa chini kabla ya chakula kuiva. Hatimaye akasema, "Nenda ukaseme. Wa kijiji cha chini nao wana nguruwe."

Nilijua maana ya kusema. Nguruwe wetu wangeuawa wote, wagonjwa na wazima. Nilipita kwanza kwa shangazi nikamweleza kila kitu, mpaka yale maji. Alisikiliza huku akichambua maharagwe.

"Wangu wanaumwa?"

"Bado."

"Wamekula leo?"

"Wamemaliza."

Akaendelea kuchambua. "Nenda basi, kabla sijakuzuia."

Siku iliyofuata msaidizi alifika na homgadi wawili. Risasi ya kwanza ilipolia, kijiji kizima kililala chini kwa mazoea, watoto wakalia. Ilikuwa ya jike wetu. Mbili zilizofuata zilikuwa za nguruwe wa shangazi. Walikuwa wamekuja langoni wakimkimbilia mwenye bunduki, wakidhani ameleta debe.

Wanawake waliamriwa kuchimba shimo, shangazi akiwa mmoja wao. Watu walisimama wakitazama nyama nyingi kuliko waliyoiona mwaka mzima ikimwagiwa chokaa. Mabanda yalichomwa, pamoja na nyuzio zangu, na debe likatobolewa likatupwa shimoni. Tuliosha miguu kwa maji ya majivu. Nilishika jembe nisaidie kufukia, shangazi akaninyang'anya.

"Acha. Hujui."

Kama wale wawili walikuwa tayari wameshaupata sitajua kamwe. Nimejiambia kwamba waliupata. Ni kitu ninachojiambia mara nyingi.

Miezi miwili baadaye msaidizi alipita tena, akaniambia mbele ya watu kwamba kijiji cha chini hakikupoteza hata nguruwe mmoja, na kwamba ni kwa sababu nilisema mapema. Alinishika mkono. Shangazi alikuwa amesimama hapo na jembe lake begani, amekonda.

"Wa kijiji cha chini," akaniuliza, "wataniletea nini?"

Msaidizi alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilijua anavyokuwa akitania, na hakuwa hivyo. Nilitazama miguu yangu, na shangazi akaenda handakini pamoja na wenzake.