Firigisi ya Baba

Juzi mjukuu wangu alichomoa firigisi kwenye sahani ya kuku, akaila, na hakuna aliyemkemea. Mimi peke yangu nilishtuka.

Kwetu, watu wa Kasai tuliokaa Lubumbashi, firigisi ilikuwa ya baba, mtoto hakuigusa. Ndiyo maana sikuelewa kitu mchana ule wa likizo ya Noeli, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo na sisi Wakasai tukifukuzwa, mama alipochinja kuku wetu wote watatu, hata yule aliyekuwa anataga. Ua mzima ulinukia vitunguu na mawese.

“Mama, Noeli iko leo?”

“Iko leo. Kula.”

Lakini alisonga bukari, ugali wetu, akiwa amevaa viatu vya kanisani, na sufuria nyingine zilikuwa zimeshafungwa ndani ya kitenge. Baba alikuwa ametoka siku mbili kabla, hakurudi. Mama akaiweka firigisi kwenye sahani yangu.

“Na baba atakula nini?”

“Kula, mutoto. Tunaenda mbali.”

Nilidhani ananijaribu. Alipogeuka, niliifunga kwenye jani la mgomba, nikaitia mfukoni mwa gauni, nasi tukatembea mpaka kambi ya wakimbizi.

Siku ya tatu, ndani ya hema, firigisi ilianza kunuka. Mama alitafuta harufu ilikotoka, akalikuta lile jani mfukoni mwangu, akalifungua.

“Iko ya baba,” nikamwambia.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Nami nikaomba msamaha kwa kuharibu nyama.