Kwenye Mizani ya Magunia

Asubuhi ile kwenye ghala la maharage, Kasulu, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, mwenye ghala na mkewe. Daktari alikuwa amekataa kumpasua mdogo wangu ngiri mpaka apungue kilo kumi na tano, na kila mwezi tulitoka Kibondo kuja kumpima kwenye mizani ya magunia, kwa kuwa ya hospitali haikufika uzito wake.

Mke wa mwenye ghala alichomwa sindano ya kupunguza uzito ya kila wiki, akapungua mpaka magauni yake yakashonwa upya. "Mie mwenzio hata pilau nilikuwa naiona kama udongo," alisema. Sindano hiyohiyo ilimtapisha mdogo wangu miezi mitatu, akapungua kilo mbili tu. Daktari akambadilishia nyingine, ghali zaidi. Kutapika kuliisha, uzito ukabaki. "Miili haifanani," daktari alituambia.

"Dada, sema tu," mdogo wangu aliniambia juu ya mizani. "Nimezidi gunia?"

"Ni palepale."

Alishuka, akatafuta kandambili zake. Niliacha shule nimlee. Niliinama nikamsogezea moja.

Maharage ya misimu miwili nilimuuzia mwenye ghala yangali maua shambani, akanilipa kabla ya mavuno, ili tupate sindano. Nimempelekea ya msimu mmoja; ya wa pili bado ananidai.